Msituni na watoto hadi kwenye maporomoko: muda, maji ya kunywa na lile dimbwi la chini

SWALI: Habari za kazi. Tunataka kuwapeleka watoto wakaone maporomoko yaliyo ndani ya msitu. Kutoka mwanzo wa njia ni kilomita 4, na njia inapanda mita 300 hivi. Tutakuwa mimi, mume wangu, mama mkwe wa miaka 63 (magoti humsumbua akishuka), kijana wetu wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 4. Tutoke saa ngapi, tubebe maji kiasi gani, na je, watoto wanaweza kuoga pale chini maji yanapoangukia?

JIBU: Njema, na asante kwa kutupa vipimo. Tuanzie swali lako la mwisho, maana ndilo lenye hatari. Pale yanapoangukia, hapana, hata kama wanajua kuogelea.

Maji yakianguka hupiga mbizi hadi chini, huibuka mbele kidogo, kisha sehemu yake hurudi nyuma juujuu kuelekea kwenye maporomoko. Anayeelea hapo hurudishwa, hupigwa, huzamishwa, huibuka, halafu hurudishwa tena. Lile povu jeupe nalo ni maji yaliyojaa hewa: ni mepesi kuliko maji ya kawaida, hayambebi mtu vizuri, na mkono ukipiga haupati cha kusukuma. Mzunguko huu unaweza kuuona kwa macho. Mkiwa mmesimama ukingoni pakavu, mpe kijana kijiti akirushe mita 2 au 3 mbele ya povu, mkitazame wote. Kikirudi kwenye povu, hapo mguu usiingie. Kikiondoka na mkondo, bado si ruhusa ya kuoga. Kimekuonyesha tu mzunguko unapoishia.

Wacheze chini zaidi ya hapo, mahali maji yametulia na kokoto za chini zinaonekana, kina kisizidi magoti ya mtoto mwenyewe. Mzazi mmoja awe majini, upande ambako maji yanaelekea, karibu kiasi cha kumfikia mdogo kwa mkono. Kwanza hakikisha hakuna poromoko jingine hatua chache mbele. Mito ya milimani mara nyingi hushuka kwa ngazi. Kuruka kutoka kwenye mwamba kusahauliwe kabisa. Dimbwi lililokuwa wazi mwezi jana linaweza kuwa na gogo leo, kwa kuwa kila mvua kubwa huleta yake.

Halafu kuna mawe. Marasharasha hulowesha mwamba mbali kuliko unavyodhani, na juu yake huota utando wa kijani ambao hata soli nzuri haiushiki. Tazama pale jiwe linapobadilika kutoka kijivu kikavu na kuwa jeusi linalong'aa: huo ndio mpaka wa watoto, na uwekeni kabla hawajavua viatu. Msikae kula chini ya ukuta wa mwamba, maana mawe madogo hudondoka bila taarifa. Na asipande mtu juu ya maporomoko kwenda kupiga picha ukingoni.

Mvua inayowahusu si lazima iwanyeshee nyinyi. Ikinyesha kilomita kadhaa juu, mto unaweza kufurika huku mmekaa juani. Mkifika tu, simamisha kijiti pale maji yanapoishia, ukiangalie kila baada ya dakika 10. Maji yakikipita, yakigeuka rangi ya udongo, yakianza kuleta majani na vijiti, au mngurumo ukibadilika, shika watoto mpande kando kwenye mwinuko papo hapo. Msifuate mto kushuka, wala msirudi kuchukua mkeka. Kama njia yenu inavuka kijito, kumbukeni kwamba maji ya goti la mtu mzima ni ya kiunoni kwa mtoto wa miaka 4. Yakifika hapo huku yanakwenda kasi, ngojeni yapungue.

Tuje kwenye muda. Kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892, huhesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, pamoja na saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenu ni dakika 48 na 30, jumla 78. Hiyo ni hesabu ya mtu mzima mwenye afya njema. Kwa miguu ya miaka 4 izidisheni mara mbili, muongeze dakika 10 za kupumzika kila saa. Kupanda kutachukua karibu saa 3, kushuka saa 2 na robo. Mkianza saa 1 asubuhi mtafika saa 4, mtakaa saa moja na nusu, na saa 8 mchana mtakuwa mmetoka msituni. Ngurumo za radi hupenda mchana na jioni, na chini ya miti giza hutangulia kuzama kwa jua, kwa hiyo msiichezee hiyo saa 1. Saa 5:30 iwe saa ya kugeuka, mmefika au hamjafika. Ikubaliwe nyumbani, kwa sababu kule njiani kila mtu huona "bado kidogo tu".

Maji ya kunywa: nusu lita kwa saa kwa mtu mzima, robo lita kwa mtoto. Kwa takriban saa 5 za njia, mtahitaji lita 10, yaani kilo 10, na hapo hesabu huwaharibikia wengi kwa sababu wa miaka 4 karibu hakika ataomba kubebwa wakati wa kurudi. Atakayembeba asipangiwe mzigo mwingine. Njia nzuri ni kubeba lita 6, kisha mchote mengine mtoni na kuyachuja kwa chujio la safari, au kuyachemsha hadi yatokote dakika 1 (dakika 3 mkiwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari). Vidonge vya klorini hufaa kwa vijidudu vingi ila si vyote, tena maji yakiwa na tope hupungua nguvu. Yachujeni kwa kitambaa kwanza. Kijana abebe mzigo usiozidi sehemu 1 ya 10 ya uzito wake: chupa yake, koti la mvua na filimbi. Akipotea asitembee, akae chini ya mti mmoja na kupuliza mara 3, anyamaze kidogo, apulize tena.

Nguo za pamba zikilowa hukaa mbichi na kumpoza mtoto, hasa huyo anayebebwa bila kujongea. Wekeni seti kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Viatu vilivyokaa kabatini miaka mingi vikunjeni kwa mikono kabla ya siku ya safari, maana soli za poliyurethani (aina ya plastiki) huoza zenyewe na kubanduka katikati ya njia.

Kuhusu mama mkwe: fimbo mbili za kutembelea, zirefushwe sentimita 5 hadi 10 wakati wa kushuka, hatua fupi, na kwenye mteremko mkali ashuke kwa kupindapinda badala ya kunyooka. Akae nyuma tu ya anayeongoza, ili mwendo uwe wake. Kabla ya kuanza kushuka, wote wakaze kamba za viatu pale kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, na kucha za miguu zikatwe siku mbili kabla.