Shangazi, wifi yangu kambadilisha mwanangu rangi kwenye picha

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Binti yangu ana miaka sita, mweusi kama baba yake. Mdogo wake ni maji ya kunde kama mimi. Binti alipohitimu chekechea, wifi yangu ambaye ni mpiga picha Dar alikuja akawapiga picha chini ya mwembe wa nyumbani, bure, kama zawadi. Picha zilipokuja, majani ya mwembe yamekuwa kahawia, joho la bluu limekuwa la kijivu, na binti yangu ametoka rangi ya chungwa, mweupe kuliko mdogo wake. Nikamwomba wifi azirudie, akasema hiyo ndiyo staili yake na wateja wanaipangia foleni. Nikampelekea kijana wa stesheneri akazirekebisha, nikazirusha kwenye grupu la familia. Wifi akajitoa kwenye grupu. Mume wangu anasema niombe radhi, yaishe. Mama mkwe ndiye kanimaliza: anaitaka ile ya wifi aiweke kwenye fremu sebuleni kwake, kwa sababu "hapa mjukuu wangu katakata", yaani kang'aa kwa weupe. Kasema mtoto akiwa amekaa palepale. Usiku binti akaniuliza, "Mama, huyu ni mimi?" Nani ana haki hapa, na nitundike ipi?*

*Mama wa Wawili, Morogoro*

Marahaba, mwanangu.

Nilipoanza kusoma nilidhani ni ugomvi wa joho. Nilipofika kwa mama mkwe nikavua miwani kwanza.

Nianze na lisilokufurahisha. Mumeo ana haki kwenye jambo moja: radhi unadaiwa. Haidaiwi kwa kutozipenda picha, maana macho ni yako. Inadaiwa kwa lile grupu. Kazi ya mtu umempelekea mtu mwingine bila kumwambia, halafu umeiweka mbele ya baba wadogo na mashemeji wote walinganishe. Wifi yako anakula kwa kazi hiyo. Na kama kuna binamu aliyekuwa anapanga kumpa harusi yake aipige, ushamwekea shaka moyoni.

Tena yule kijana wa stesheneri hata angekuwa fundi wa namna gani, alikuwa na nini cha kushika? Picha iliyokwisha kuediwa, ikapita WhatsApp ikabanwa, ndiyo anaambiwa airudishie rangi. Rangi iliyotupwa hairudi kwa kuvuta vitufe. Ukiangalia vizuri kwenye ile "uliyorekebishiwa" nadhani utaona mashati meupe yamekuwa karatasi tupu, mkunjo wa kola hauonekani, na shavuni kwa mtoto kuna mabaka madogomadogo kama ya ukungu. Unacheka? Nimeona nyingi.

Hilo tuliweke pembeni, maana umenichanganyia mambo mawili kwenye barua moja, na naona hata nyumbani mnagombana mkiwa mmeyachanganya hivyohivyo.

Kuna ladha. Majani kuwa kahawia, kivuli kuwa kizito, shati jeupe kuwa kama limechovywa kwenye chai ya maziwa, hiyo ni ladha, na imeshika mjini miaka hii. Ukipita kwenye kurasa za wapiga picha wa Dar na Nairobi utadhani nchi nzima iko kiangazi. Mimi binafsi naipenda kwa kiasi kwenye picha za maharusi. Kwa watoto naona inawazeesha. Lakini ni ladha ya wifi, amejijenga nayo, na ulijua anapiga hivyo kabla hajashuka Morogoro na kamera yake. Aliyekuja bure kwa mkono wake amekuja na jicho lake. Majani mwachie.

Joho? Joho nalo ningelisamehe, ingawa kwa shingo upande. Mtoto akikua atauliza shule yenu ilivaa rangi gani, utamjibu kwa mdomo.

Ngozi ya mtoto ni habari nyingine. Hiyo si ya wifi, si yako, wala si ya bibi yake. Mpiga picha ana ruhusa ya kuupoza mwanga au kuupasha joto, kuupunguza au kuuongeza, na uso ukafuata mwanga huo kama unavyofuata jua la saa kumi na moja jioni. Hapo bado ni mtoto yuleyule, jioni. Lakini dada mweusi akitoka mweupe kuliko mdogo wake wa maji ya kunde, wote wakiwa wamekaa tawi moja la kivuli, mwanga hauwezi kuwa umefanya hivyo. Hapo kuna kitufe kilivutwa.

Na nakuambia ni kipi, ili ukienda kwa wifi uende unajua unachosema. Kwenye programu za kuedia picha kama Lightroom rangi zimegawanywa: nyekundu, chungwa, njano, kijani na kuendelea. Ngozi za binadamu, ya Msukuma, ya Mhindi, ya Mzungu, kwa kiasi kikubwa zote zinaangukia kwenye fungu la chungwa. Zinachotofautiana zaidi ni kina cha weusi na weupe. Sasa hizi preseti, yaani mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari, zinazouzwa mtandaoni, nyingi zinakausha kijani mpaka kiwe kahawia, halafu zinapandisha mwangaza wa chungwa ili uso "uwake" dhidi ya ile kahawia. Aliyeitengeneza akiwa na mtoto wa Kizungu mbele yake, uso unapata wekundu mzuri wa afya. Ibandike kwa binti yako: weusi unapanda, unakuwa chungwa la kuparara, na ule mng'ao wa paji la uso na wa mfupa wa shavu unafutika. Ngozi nyeusi uzuri wake kwenye picha uko hapohapo, kwenye mwanga unaoteleza juu ya mafuta uliyompaka asubuhi. Ukiufuta, mtoto anaonekana kama katoka kuchezea majivu.

Halafu kuna mwembe. Mwanga uliochujwa na majani unakuja na ukijani wake, unatua usoni, hasa chini ya kidevu. Mpiga picha akiuondoa anaongeza zambarau na njano, na hapo chungwa linazidi. Akishamaliza picha moja ya mtoto mmoja, ananakili mipangilio yake anaibandika kwenye nyingine mia moja ili amalize kazi. Nadhani wifi alianza na wa maji ya kunde. Dada akabebwa na vipimo vya mdogo wake.

Kwa hiyo sidhani kama alikusudia kumchubua mtoto wa kaka yake. Kakuta chombo kilichopangwa kwa ajili ya ngozi nyingine, akakitumia. Hilo lina umri mrefu kuliko wifi yako. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak, watengeneza filamu za kamera, walikuwa wakipelekea maabara za picha kadi ya kulinganishia rangi, juu yake mwanamke wa Kizungu. Zikaitwa kadi za Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa za mwanzo. Fundi akiona Shirley katoka vizuri, mashine iko sawa, wateja waendelee kuletwa. Huko Marekani, kwenye picha za darasa, mtoto mweusi akikaa karibu na mweupe, mweupe anatoka na haiba zake zote, mweusi yanaonekana macho na meno tu. Wazazi walilalamika. Kilichokuja kuisukuma kampuni kuboresha filamu, kwa maelezo ya watu waliofanya kazi humo, ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na wauza samani, ambao picha za matangazo hazikuwa zikitofautisha chokoleti ya maziwa na nyeusi, wala mbao moja na nyingine. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja kutoka miaka ya 1990. Na mwaka 2021 Google walipotoa simu ya Pixel 6 bado ilibidi watangaze kama jambo jipya kwamba kamera yake imefunzwa kupiga ngozi nyeusi ilivyo. 2021, mwanangu. Basi usimbebeshe wifi yote hayo peke yake.

Sasa nenda. Usimwandikie meseji, na wala usitumie voice note ya dakika saba. Panda treni ya SGR Jumamosi asubuhi, mchukue na binti. Kabla ya kugusa habari ya rangi, omba radhi ya grupu, nayo iwe nzima: "Wifi, nilikukosea kupeleka picha zako kwa mtu mwingine na kuzirusha mbele ya watu. Ningekupigia wewe kwanza." Nyamaza hapo. Usiongeze "lakini". Mwache aseme yake, na yatakuwepo.

Mkishakunywa chai mwambie umekuja na ombi la picha tatu tu. Hutaki faili ghafi zake, yaani picha zilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuediwa, maana wapiga picha wengi hawazitoi na wana sababu zao. Aliyekula chakula hadai apewe na unga. Hutaki abadilishe majani, wala joho. Unataka uso na mikono ya mtoto irudi kwenye rangi yake, basi. Programu za sasa zinaweza kumchagua mtu mmoja kwenye picha na kurekebisha ngozi yake peke yake bila kugusa kilicho nyuma, kwa hiyo si kazi ya siku nzima. Mkae wote mbele ya kompyuta yake, karibu na dirisha, mtoto aweke kiganja chake kwa upande wa nje kando ya skrini. Hapo hamna haja ya kubishana nani ana jicho zuri, mkono uko hapo.

Kwenye kompyuta yake, narudia. Najua mmekuwa mkibishana kila mtu na simu yake, na simu hazisemi kitu kimoja. Ya kwako labda imewekwa rangi kali kiwandani, ya mumeo imewashwa ile hali ya usiku ya kupumzisha macho ambayo inatia kila kitu unjano, ya mama mkwe mwanga umepandishwa mpaka mwisho kwa sababu ya macho. Nusu ya ugomvi wa rangi za picha ni ugomvi wa simu. Lakini usijifariji sana na hilo: kwenye simu yoyote ile, dada hawezi kuwa mweupe kuliko mdogo wake kama hajafanywa awe.

Wifi anaweza kukupendekezea picha za nyeusi na nyeupe, waamuzi wengi wa kesi kama hizi hukimbilia huko. Zinapendeza, na mwembe na joho vyote vinaisha maneno. Ila angalia, hata huko uso unaweza kupandishwa. Mkono wa mtoto usiondoke kando ya skrini.

Akikataa kabisa? Basi amekataa, ni kazi yake. Utazihifadhi hizo kama kazi ya sanaa ya wifi yako, na utamlipa mpiga picha mwingine wa hapohapo Morogoro awapige watoto upya. Mkubaliane mapema, akuonyeshe watoto weusi aliowahi kuwapiga, si wale wawili anaowaweka mbele kwenye ukurasa. Undugu usife kwa ajili ya preseti.

Tuje kwa mama mkwe, ambako moyo wako ndiko uliko.

"Katakata." Neno hilo wengi wetu tumelikulia, bibi zetu walilisema kwa mapenzi na liliuma hivyohivyo. Sidhani kama anamchukia mjukuu wake. Ila mtoto wa miaka sita amesikia kwamba siku aliyopendeza ni siku ambayo hakuwa yeye. Shavuni mtoto hajapakwa mkorogo, lakini picha yake imepakwa, na sasa inatafutiwa fremu ili ikae sebuleni imwangalie kila Idi na kila Krismasi. Hapo mimi sina ladha ya kuheshimu. Hiyo isitundikwe kwa bibi, wala kwako, wala popote ambapo mtoto atakaa chini yake.

Usimnyime bibi picha, mpe nyingine kabla hajachapisha hiyo. Chukua ile bora kati ya tatu mtakazotengeneza na wifi, ichapishe kwanza saizi ndogo ya kawaida uione, maana karatasi haina taa nyuma yake kama skrini na picha hutoka imefifia zaidi ya ulivyoizoea. Ikikaa sawa ndipo uagize kubwa. Na mwambie wa studio asiguse rangi; mashine nyingi zimeachwa zijirekebishe zenyewe, na zinachofanya zikikuta uso mweusi ni kuung'arisha. Utakuwa umesafiri mpaka Dar kwa kazi bure.

Binti mjibu, maana swali lake bado linaning'inia. Mwambie: "Ni wewe, ila kompyuta ilikosea rangi yako, na shangazi yako ataisahihisha." Shangazi yake wa kweli, si mimi wa huku. Hayo yanatosha kwa umri wake. Ukianza kumhutubia uzuri wa weusi usiku wa manane atajua kuna tatizo kubwa kuliko analoliona. Halafu akiwa Dar mwache achague mwenyewe picha moja kati ya zile tatu. Mkubali atakayochagua, hata kama ni ile aliyotoa ulimi.

Na hayo ya mama mkwe usiyaseme wewe. Wewe ni mkwe, ukifungua mdomo itakuwa kesi ya mkwe asiye na adabu, na picha itasahaulika. Aseme mtoto wake. Mwambie mumeo, kwa upole lakini akiwa amekaa chini: radhi ya wifi umeibeba wewe, hii ya mama yake ni zamu yake. Ampigie, amwambie, "Mama, binti yangu ana rangi yangu, na mimi ulinizaa wewe." Nina hakika bibi atacheka, kisha atauliza hiyo picha nyingine inafika lini.