Re: Najua piano kidogo, nimepata saksafoni ya alto. Nianzeje?

Mkuu, simama hapo hapo, kalamu weka chini! Unauliza ridi (kile kibanzi cha mdomoni kinachotetemeka ukipuliza) namba ngapi na muda wa mazoezi ugawe vipi, halafu katikati unadokeza kwamba kila kidole cha saksafoni utakipa jina kwa kukisikilizia kwenye piano. Usithubutu. Mimi nilifanya hivyo hivyo, miezi minane ikaenda na maji.

Nilibonyeza vidole viwili vya mwanzo vya mkono wa kushoto, nikapuliza, nikaitafuta sauti kwenye piano: C ya kati. Nikaandika "C", nikajiona fundi. Kumbe vidole vile, kwenye alto na tenori (saksafoni kubwa kuliko alto) sawasawa, vinaitwa A! Alto ni chombo cha E flati (E iliyoshushwa nusu toni, hatua ndogo kabisa ya piano): ukisoma C, kwa piano inatoka E flati, ukisoma A inatoka C. Mimi nikaendelea kubatiza vidole vyote, na nyimbo za piano zikawa zinatoka safi kabisa. Hapo ndipo ubaya wake ulipo, hakuna kinachokushtua kwamba umepotea.

Siku naingia kwenye bendi nikapewa karatasi ya alto. Nota ya kwanza A. Nikapiga A yangu mimi, ambayo kwa watu wenye akili ni F shapu (F iliyopandishwa nusu toni). Nikawa chini ya wenzangu kwa nusu toni tatu, na bado nikamkodolea macho mpiga tarumbeta kana kwamba yeye ndiye kaharibu. Baadaye nikashika tenori, vidole vile vile viwili vikatoa G. Nikaifunga kwenye boksi lake, nikaenda kulala.

Aliyeniponza ni mpiga kinanda mmoja mjuaji: "Nota ni nota, ukijua piano umemaliza." Hajawahi kupuliza hata filimbi ya refa!

Kwa hiyo kidole kiite kwa jina la saksafoni, hata piano ikibisha. Karatasi ya piano ukitaka kuipigia alto, iandike upya: wimbo wa C unauandika kwenye A, shapu tatu. Kwa tenori unauandika kwenye D. Inachosha, najua. Ila mimi mpaka leo nikisoma nimechoka, nikiiona C, ambayo ni kidole cha kati peke yake, cha shahada nacho kinajibonyeza bila kuitwa, kama kwenye ile "C" yangu ya zamani.