Maswali na Majibu: Mzigo Ukioza, Nani Analia?

Wiki hii barua nyingi zinahusu ubia na kampuni za Ulaya. Nimechagua sita.

*Kaka, nina wazo zuri na ekari tano. Nitafutie mzungu mwenye mtaji tugawane faida. (Morogoro)*

Sina mzungu wa kugawa, na barua hii naipata kila mwezi. Mnunuzi wa Ulaya hanunui wazo. Atakuuliza una tani ngapi, mwezi gani, na mwaka jana ulimuuzia nani. Ukiwa na majibu hayo hutanihitaji.

*Sisi ni wakulima wa parachichi za Hass. Kampuni ya Rotterdam inataka kontena, italipa ikishauza. Inasema ndiyo desturi. Ni kweli? (Njombe)*

Ni kweli, na desturi hiyo imefilisi watu. Kwetu inaitwa mali kauli. Tofauti ni kwamba mdaiwa wa Kariakoo unaweza kwenda kukaa mlangoni kwake mpaka akulipe. Rotterdam utakaa mlango gani?

Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye kikundi kilichopeleka mzigo kwa namna hiyo. Tulisubiri malipo, ikaja ankara: gharama ya kuchambua, ya chumba cha baridi, na ya kutupa yaliyooza. Iliambatana na picha moja ya maboksi, na hata hayo maboksi hayakuwa yetu.

Mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa hofu ya mashambulizi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, safari ikaongezeka kama wiki mbili, na tunda halijui habari za vita. Halafu Peru hulijaza soko la Ulaya katikati ya mwaka. Mzigo wenu ukitua bei ikiwa chini, kwa mali kauli hasara yote ni yenu, mnunuzi anakata kamisheni yake na kulala usingizi.

Dai bei ya chini kabisa kwa kila boksi, iandikwe. Dai sehemu ya fedha kabla kontena halijafungwa. La mwisho, ambalo wengi hulisahau: mkaguzi huru aufungue mzigo ndani ya saa 48 tangu ufike, na bila ripoti yake mnunuzi asikate hata senti. Akikasirika, mmeokoa kontena.

*Kenya ina mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya. Sisi Watanzania tunatozwa ushuru? (Tanga)*

Hapana! Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Tanzania imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, na tangu 2001 bidhaa za nchi hizo, isipokuwa silaha na risasi, zinaingia Ulaya bila ushuru. Kenya haimo, ndiyo maana ilisaini wake Desemba 2023, ukaanza kazi Julai 2024. Wenzetu hawajasahau 2014, maua yao yalipotozwa ushuru kwa karibu miezi mitatu.

Sisi tuligoma kusaini ule wa Afrika Mashariki 2016, na mimi niliunga mkono kwa ajili ya viwanda vyetu. Lakini viwanda vyenyewe viko wapi? Mlango uko wazi miaka yote hii, na korosho bado tunaipeleka ghafi India na Vietnam. Kinachorudisha mizigo yetu ya mboga na matunda si ushuru, ni mambo kama mabaki ya viuatilifu. Na siku tukitoka kwenye orodha ile tutapiga makofi, kisha baada ya miaka mitatu ya msamaha tuanze kuhesabu ushuru.

*AMCOS yetu (chama cha ushirika) ya kahawa inaambiwa ipime mashamba kwa GPS. Wazungu wanataka ardhi? (Moshi)*

Wanataka nukta ya ramani. Shamba lisilozidi hekta nne linatosha nukta moja, kuonyesha kwamba hapakukatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Sheria hiyo ya Umoja wa Ulaya imeahirishwa mara mbili, ila wanunuzi wanazikusanya nukta tayari. Mimi naogopa jambo jingine: nukta zikikaa kwa mnunuzi mmoja tu, mwakani mtamwendeaje mwingine? AMCOS ibaki na nakala, na iandikwe kwamba ni mali yake.

*Mbia wangu analeta mashine, mimi kiwanja na vibali. Anataka asilimia 60. (Arusha)*

Mashine mpya au kuukuu? Nani aliithamini, yeye mwenyewe? Leta mthamini wako kabla ya kugawana hisa, maana nimeona vyuma chakavu vikiitwa mtaji. Angalia pia jina la bidhaa linasajiliwa kwa nani. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Uingereza iliomba kusajili neno kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, kuwa alama yake ya biashara. Kikoi! Wakenya walipinga na ombi halikufika popote, lakini jina la bidhaa yako nani atalipigania?

*Kuna ofisi inayounganisha watu na wanunuzi wa Ulaya bila kamisheni? (Mwanza)*

Zipo. Uholanzi wana CBI tangu 1971, Ujerumani wana Import Promotion Desk. Huchagua sekta na nchi, kwa hiyo soma masharti kwanza. Yule wa WhatsApp anayetaka dola 300 za usajili ili akutambulishe kwa "bodi ya Brussels", mzuie namba leo.