Nukta mbili juu ya o: uliza lugha kwanza

Wiki hii msomaji mmoja, mhariri anayeanza kazi, ameniandikia swali ambalo najua wengi wanalo ila wanaona haya kuliuliza: "Dada, ile o yenye nukta mbili juu, nikiiandika o ya kawaida kuna ubaya gani? Wasomaji wetu si wataelewa tu?" Nilimjibu kwa mstari mmoja, halafu nikaona mstari mmoja haumtoshi. Mimi na hiyo ö tuna kisa, na kisa chenyewe bado kinaniuma.

Zamani kidogo nilipewa kazi ya kusoma prufu ya orodha ya washiriki wa mkutano wa kimataifa. Walikuwemo Waswidi, Waturuki, Wajerumani, Wahungaria na Wafini. Niliipitia jina kwa jina, nikaikabidhi ikiwa safi. Kumbe huko kwa wapangaji wa kurasa kulikuwa na mtu mwenye haraka, aliyewahi kusikia kwamba Mjerumani akikosa ö huandika oe. Akaona amepata dawa ya wote. Tafuta, badilisha, zote kwa mpigo. Mswidi Öberg akatoka Oeberg, Mturuki Özdemir akatoka Oezdemir. Lawama zilipokuja zilinijia mimi, kwa sababu jina lililochapwa kama msoma prufu lilikuwa langu. Nikawatumia nakala yangu yenye tarehe. Hawakujibu, na kazi yao nyingine sikuiona tena.

Kilichofuata ni kipindi kirefu cha kujisomea, ambacho hakina cha kusimulia. Mwezi uliopita nilikabidhi orodha nyingine, ndefu kuliko ile, na haikurudi na sahihisho hata moja. Nisipojisifu kwa hilo nitajisifu kwa lipi?

Sasa ushauri. Kabla hujaigusa ö, uliza ni ya lugha gani. Umbo ni moja, lakini kila lugha imelipa cheo chake.

Kwa Wajerumani, ö haihesabiwi miongoni mwa herufi 26 za alfabeti. Ni o iliyogeuka sauti, na kamusi huipanga pamoja na o. Nukta zake zilianza kama e ndogo iliyoandikwa juu ya o. Katika mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani, e ilionekana kama vijiti viwili vilivyosimama. Vijiti vikazidi kufupika hadi vikabaki nukta. Ndiyo maana kwao oe ni mbadala halali, kwani ile e ilikuwepo tangu mwanzo. Schön, yaani "mzuri", unaweza kuiandika schoen na hakuna atakayekuuliza. Ukifuta nukta bila kuweka e umeandika schon, ambayo ni "tayari". Na usiende kinyumenyume ukageuza kila oe kuwa ö: jina la mwandishi Goethe hubaki Goethe, na mji wa Soest husomwa kwa o ndefu, e yake haisikiki.

Mswidi mambo yake ni mengine kabisa. Kwake ö ni herufi kamili yenye kiti chake, ya 29 na ya mwisho, baada ya z, å na ä. Öberg humtafuti kwenye O. Nenda mwisho wa orodha. Tena ö peke yake ni neno zima, maana yake "kisiwa", kama unavyoiona mwanzoni mwa jina la kisiwa cha Öland. Wadeni huandika sauti hiyohiyo kwa ø, na kwao inakaa kabla ya å. Daraja linalounganisha Copenhagen na Malmö lilipofunguliwa mwaka 2000, jina lake rasmi likawa Øresundsbron: herufi ya kwanza ya Kideni, mwisho wa neno wa Kiswidi. Mhariri asiyejua atalisahihisha kwa nguvu zake zote, na atakuwa ameharibu.

Kwa Waturuki nukta hizo si za mchezo. Alfabeti yao ya Kilatini ya mwaka 1928 ina herufi 29, na ö inakuja mara tu baada ya o. On ni kumi, ön ni mbele. Oldu ni "imekuwa", na watu huitumia kukubali jambo, kama sisi tunavyosema "sawa". Öldü ni "amekufa". Hebu fikiria ujumbe wa kazini unaotumwa kwa simu isiyo na nukta. Hapo oe haisaidii kitu. Mturuki akiona Oezdemir anajua tu kwamba mtu wa nje amepita hapo.

Wahungaria ndio walionitesa kuliko wote. Wana o, ó, ö na ő, nne hizo, na ile ya mwisho ina vistari viwili vya mshazari badala ya nukta. Kistari kimoja au viwili vinaonyesha kwamba irabu ni ndefu. Kor ni umri, kór ni ugonjwa, kör ni duara. Halafu tazama hii: örült ni "alifurahi", őrült ni "mwendawazimu". Kwenye skrini ndogo, kwa macho yaliyochoka, tofauti haionekani. Kuza maandishi. Mimi huyakuza mpaka herufi iwe kama kidole gumba, na sioni aibu.

Kiholanzi nacho kina ö, lakini kazi yake haihusiani na hizo zote. Katika coördinatie nukta zinamwambia msomaji asiunganishe o mbili, aanze silabi mpya. Neno likikatwa hapo mwishoni mwa mstari, nukta zinaondoka, co-ordinatie, kwa kuwa kistari kimeshafanya kazi hiyo. Na kuna wanaoiweka kwa urembo tu, kama bendi ya Motörhead. Msitafute matamshi hapo.

Kuhusu matamshi, ö ya Kijerumani, Kiswidi, Kituruki na Kifini hutofautiana kidogo, lakini njia ya kuifikia ni moja. Sema "e" na uishikilie. Ulimi usiusogeze hata kidogo. Sasa viringisha midomo kana kwamba unataka kusema "o". Sauti inayotoka ndiyo hiyo. Ukisikia "o" ya kawaida, ulimi umerudi nyuma, anza tena. Jirani zako watacheka, waache.

Watu hudhani kwamba wakijua nchi wameshamaliza. Mchezaji soka Mesut Özil alizaliwa Gelsenkirchen, Ujerumani, katika familia yenye asili ya Uturuki. Jina ni la Kituruki, mwenye jina ni Mjerumani, basi herufi moja imeangukia kanuni mbili. Pasipoti nazo zinachanganya watu. Ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine haina nafasi ya nukta, kwa hiyo Ö ya Mjerumani huandikwa OE na ya Mturuki huandikwa O. Usinakili jina kutoka huko, wala kwenye tiketi ya ndege. Nakili sehemu ya juu, au muulize mwenye jina akuandikie mwenyewe. Narudia, maana najua hamtafanya: muulize mwenye jina.

Kuiandika si kazi. Kwenye simu shikilia o mpaka vichaguo vitokee. Kwenye Windows bonyeza Alt na 0246 upande wa namba, au 0214 kwa herufi kubwa. Kwenye Mac ni Option na u, halafu o. Nikisikia mtu anasema kibodi yake haina, najua ni uvivu.

Shida ya kweli ni faili. Ukiona "Ã¶" mahali pa ö, herufi haijapotea: faili limehifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kutunza herufi za lugha zote, na programu yako imelisoma kwa mfumo wa zamani. Usianze kusahihisha kwa mkono. Lifunge bila kuhifadhi, ulifungue upya ukichagua UTF-8. Na ukitafuta Öberg kompyuta ikasema hayumo, ilhali unamwona kwa macho, ujue Ö yake imeundwa kwa vipande viwili, O na nukta zilizobandikwa juu yake. Nakili jina hilo kutoka kwenye faili lenyewe, ulibandike kwenye kisanduku cha kutafutia, na kabla ya kupanga orodha geuza zote ziwe za aina moja.