Jibu: Mama akitua Dar aanzie wapi?

Umeuliza mama yako, mara ya kwanza kupanda ndege, Muscat hadi Dar, akitua afanye nini. Asiinuke mpaka taa ya mkanda izimike. Aanze uhamiaji, pasipoti mkononi, ndipo aende kwenye mkanda wa mizigo ulioandikwa namba ya ndege yake.

Hapo ndipo penye kazi. Mabegi meusi yanafanana mno, watu hubebeana. Alinganishe namba ya kibandiko kilichofungwa kwenye mpini na ya kile kipande alichopewa Muscat, tafadhali asikitupe! Begi lisipotokea, asitoke nje kabla ya kuripoti dawati la mizigo na kupewa namba ya ripoti. Likiwa limevunjika, alalamike kwa maandishi ndani ya siku 7. Kisha forodha.