Pampu mpya, volti 12 zipo, na pikapu bado inazima

Mkuu, nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Pikapu ya petroli ya zamani, ya nozeli na si ya kabureta. Asubuhi inashika vizuri, ikitembea nusu saa inaanza kukosa nguvu, inazima, ikipoa inawaka tena kama vile hakuna kilichotokea. Pampu ya mafuta ya ndani ya tanki umeshaibadilisha mara mbili. Ukipima kwenye soketi ya pampu unapata volti 12, na fundi wako amehitimisha kuwa umeme upo, ila pampu unazonunua ni feki. Huenda ni feki kweli, zimejaa sokoni. Lakini mimi nami nilinunua pampu mbili kwa maneno hayohayo, na baadaye nikagundua kuwa hata ile ya kwanza niliyoitupa ilikuwa nzima.

Kwa hiyo nikuulize: ulipopata hizo volti 12, soketi ulikuwa umeichomoa, au ilikuwa imechomekwa na pampu inazunguka? Nina hakika uliichomoa. Karibu kila mtu huichomoa, maana ndivyo ilivyo rahisi kuingiza ncha za mita. Tatizo ni kwamba mita ya kidijitali haili umeme wowote wa maana. Waya wa shaba uliokatikakatika ndani ya plastiki mpaka ukabaki uzi mmoja utakuonyesha volti 12 zote bila aibu. Pampu yenyewe, kwa magari haya, inataka ampea 4 mpaka 7 hivi, na uzi mmoja hauwezi kuzipitisha. Ni kama mpira wa maji uliokanyagwa na tairi: ukiuziba mdomo kwa kidole unasikia presha kamili, ukiachia yanatoka ya kudondoka.

Yangu ilikuwa hivi. Nimelala chini ya gari, nimeegemeza mita juu ya tairi la nyuma, soketi nimeichomoa: 12.4. Nikaichomeka tena, nikapenyeza sindano mbili nyembamba kwa nyuma ya soketi, pale waya zinapoingia, nikaiunganisha pampu moja kwa moja pale kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), injini ikiwa imezimwa. Mita ikashuka hadi 7.8 na kukaa hapo. Pampu ilikuwa inalia, ndiyo, lakini sauti ya kuchoka, ile ya feni inayokaribia kusimama. Betri muda huohuo ilisoma 12.3. Volti nne na nusu zilikuwa zinapotelea njiani, na mimi miezi yote hiyo nalaumu pampu.

Sasa zinapotelea wapi? Hapa ndipo wengi wanaanza kufukuzana na waya wa chanya kuanzia kwenye fyuzi, na upande wa hasi hawaugusi. Mimi pia nilianzia huko. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya pampu, pampu ikiwa kazini: 0.4. Si mbaya kwa gari la umri ule. Nikahamia upande wa pili, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye hasi ya pampu: 4.1. Jumlisha mwenyewe: 7.8 na 0.4 na 4.1 ni 12.3, ndiyo volti za betri. Hesabu ikifunga hivyo umeshamaliza kutafuta, kilichobaki ni kufuata waya kwa mkono.

Waya wa athi wa pampu yangu, yaani ule wa hasi unaofungwa kwenye chasisi, ulikuwa unapanda juu ya mtaimbo wa kati wa chasisi, mahali ambapo macho hayafiki, mpaka kwenye bolti moja iliyopakwa rangi nyeusi pamoja na chasisi yote. Kwa nje inapendeza. Nilipoigusa ile pete ya mwisho wa waya ilikuwa ya moto kuliko chuma cha pembeni yake, na plastiki karibu nayo imegeuka rangi ya kahawia. Volti 4 mara ampea 4 ni wati 16, yaani nilikuwa nimebeba karibu taa nzima ya indiketa ndani ya bolti bila kujua. Ndiyo maana ugonjwa ulikuwa unakuja gari likipata moto: kutu inazuia umeme, kizuizi kinaleta joto, joto linalegeza maungio, kizuizi kinaongezeka. Gari likipoa, kila kitu kinajibana tena na wewe unaanza kuwaza mambo ya ushirikina. Kikulacho ki nguoni mwako, na pikapu nguo yake ni chasisi.

Nilikata pete ile, nikabana mpya, nikakwangua chasisi mpaka chuma cheupe, nikakaza kisha ndipo nikapaka grisi juu. Kwa kuongeza, nikavuta waya mnene wa pili kutoka hapo hadi hasi ya betri, kwa sababu sikuamini tena mkanda wa athi kati ya injini na bodi. Upande wa hasi ukashuka hadi 0.1.

Viwango ninavyotumia mimi: upande wa hasi usizidi 0.2, upande wa chanya wote kwa jumla usizidi 0.5. Kama chanya ndiyo yenye tatizo, acha ncha moja kwenye betri na urudi na nyingine kidogokidogo kuelekea mbele: soketi ya pampu, mguu wa rilei, fyuzi, swichi ya ufunguo. Pale namba inaposhuka ghafla, ubovu uko kati ya hapo na mahali ulipotoka. Fyuzi usiitazame tu, itoe uangalie meno ya nyumba yake; yakiwa yamelegea au yameungua, fyuzi mpya haitasaidia kitu.

Rilei ikipiga "tiki" usiiamini. Ule mlio unathibitisha koili, ile sumaku ya umeme ya ndani, inavuta, basi. Vile visahani vya ndani vinaweza kuwa vimeungua vyeusi. Kwa rilei za kawaida, 85 na 86 ni koili, 30 ni umeme unaoingia, 87 ndiyo inayotoka kwenda kwenye pampu. Itoe, unganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya wenye fyuzi ya ampea 15. Pampu ikizunguka kwa nguvu, shida ni rilei au kinachoiamuru. Mimi badala ya waya huweka mita yenyewe, ikiwa kwenye tundu la ampea 10: pampu inazunguka na papo hapo unasoma inakula kiasi gani. Ikisoma kidogo mno huku sauti ni hafifu, rudi kwenye waya. Ikisoma juu sana, filta imeziba au mota inakufa. Ila usiiache hapo muda mrefu, fyuzi ya mita nayo ina roho.

Jambo moja linawachanganya sana watu kwenye magari ya zamani ni ile habari ya "fungua ufunguo, sikiliza sekunde mbili". Magari mengi hufanya hivyo, lakini si yote. Toyota zenye injini ya 22R-E, kwa mfano, pampu haizunguki ukifungua ufunguo tu. Inazunguka ukipiga stata, kisha inaendelea kwa sababu hewa inasukuma kile kibao ndani ya kipima hewa na kufunga kontakti. Kwa hiyo ukimya hapo si ubovu. Na kama gari la aina hiyo linashika ukipiga stata halafu linazima palepale unapoachia ufunguo, angalia hiyo kontakti kabla ya kugusa tanki. Fungua bomba la filta ya hewa, washa ufunguo, sukuma kibao kwa kidole usikilize. Pikapu nyingi za GM za miaka ya 1980 na 1990 zina njia ya pili kupitia swichi ya presha ya oili: rilei ikifa, unapiga stata muda mrefu mpaka oili ipande, ndipo linawaka, na mwenyewe anadhani betri imechoka. Ford nazo zina swichi ya kukata mafuta gari likigongwa, mara nyingi pembeni pa miguu ya abiria wa mbele. Abiria akiipiga teke kwa bahati mbaya, kazi imekwisha. Kuna kitufe juu yake, kibonyeze.

Kama yako ingekuwa dizeli ya pampu ya kimakanika, haya yote yasingekuhusu, ungeangalia solenoidi ya kuzimia, ile vali ya umeme inayokata mafuta.

Kuhusu usalama sitaki kukuhubiria, lakini vipimo vyote hivi fanya tanki likiwa limefungwa, kwenye soketi iliyo nje kwenye chasisi. Taa ya kupimia ni nzuri kuliko mita kwa kazi hii kwa kuwa inabeba mzigo. Balbu ya taa kubwa ya wati 55 inavuta karibu sawa na pampu, na ikiwaka kwa unyonge huhitaji hata kusoma namba. Lakini inatoa moto na cheche. Isifike karibu na tanki lililofunguliwa, na kamwe usiichomeke kwenye waya za kompyuta ya gari. Ukifikia kushusha tanki, toa kwanza presha kwenye bomba na uchomoe hasi ya betri.

Sasa wewe fanya hivi: lizungushe gari mpaka ugonjwa uanze, usisubiri lipoe, maana likipoa utapima gari lisiloumwa. Ingia chini na soketi ikiwa imechomekwa. Nataka namba nne: betri, kwenye pampu yenyewe, upotevu wa chanya, upotevu wa hasi. Ikitokea pampu inapata zaidi ya volti 12 wakati gari linakufa, basi nimekosea na hapo tutafute geji ya presha ya mafuta tuzungumzie filta na kale kampira kafupi ka ndani ya tanki, ambako mafundi wakibadilisha pampu hukarudisha kalekale ka zamani. Hizo pampu mbili ulizotoa usizitupe bado.