Maswali ya Wasomaji: Ukocha wa Hoki ya Barafu

Barua za safu hii zimetoka mitaa ya Nairobi ya Imara Daima, Umoja, South B na Kayole, na zote zinauliza kuhusu kazi ya kocha wa hoki ya barafu. Tumezifupisha.

Hamjambo. Nina miaka 24. Nimeteleza kwa viatu vya magurudumu tangu shule ya msingi, Jumapili nyingi nikiwa Sunken Car Park. Sijacheza ligi yoyote ya kulipwa. Je, naweza kuwa kocha wa kulipwa, au hiyo ni kazi ya waliocheza tu? – Mtelezaji, Imara Daima

Unaweza. Jon Cooper alikuwa wakili mjini Lansing, Michigan. Alianza na timu ya shule ya sekondari, akapanda ligi za vijana moja baada ya nyingine, na mwaka 2012 akashinda Kombe la Calder akiwa na Norfolk Admirals katika AHL, ligi iliyo hatua moja chini ya NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada. Tampa Bay Lightning wa NHL walimchukua Machi 2013, akawapa Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa NHL, 2020 na tena 2021. Hakuwahi kucheza hoki ya kulipwa.

Lakini usikae ukisubiri bahati kama yake. Kwanza jifunze barafu yenyewe, kwa sababu magurudumu yamekufundisha nusu tu ya kazi. Kwenye lami husimami kwa kugeuza viatu vyote viwili ubavu, ila kwenye barafu hiyo ndiyo breki kuu, na ni lazima uiweze kulia na kushoto. Ongeza kuteleza kinyumenyume huku ukivusha mguu mmoja juu ya mwingine. Mtoto huiga anachokiona, na kocha asiyeweza kuonyesha atabaki kupiga kelele.

Pili ni vyeti. Kenya iliingia katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, IIHF, mwaka 2024 kama mwanachama mshiriki, kwa hiyo mambo ya mafunzo ya IIHF yaulizie kupitia chama cha hapa nchini. Kwa kulinganisha, Marekani wana ngazi tano za makocha. Tatu za mwanzo hufuatana, moja kwa msimu, na juu yake kuna somo la umri wa watoto unaowafundisha, somo la kuwalinda dhidi ya unyanyasaji, na ukaguzi wa rekodi ya uhalifu. Usiidharau hiyo karatasi ya ulinzi wa watoto, maana bila hiyo hukanyagi barafu na timu yao. Anayetaka shahada, Chuo cha Haaga-Helia cha Ufini kina kampasi Vierumäki inayofundisha ukocha wa michezo.

Tatu, weka kumbukumbu. Mipango ya mazoezi, video za mechi ulizosimamia, majina ya wachezaji na walivyoendelea. Timu ya ng'ambo haitakuombea kibali cha kazi kwa sababu unaupenda mchezo.

Mimi hutazama mechi usiku kwenye simu. Wachezaji wanaruka ukuta na kuingia huku mchezo ukiendelea, na kocha amevaa suti, amekunja mikono. Hasa anafanya nini? – Mkesha, Umoja

Kazi kubwa ya kocha siku ya mechi ni kupanga zamu. Barafuni kila timu ina watano na kipa. Katika NHL timu huvalisha wachezaji 18 na makipa wawili, kwa kawaida washambuliaji 12 katika safu nne za watatu na mabeki sita katika jozi tatu. Zamu moja ni kama sekunde 45 za mbio za kasi. Ikifika sekunde 90, miguu imekwisha, na hasara haiishii hapo, kwa kuwa mchezaji huyo hapumziki vya kutosha kabla ya zamu yake inayofuata. Timu nyingi zinazoanguka kipindi cha tatu, yaani cha mwisho, zilianza kuharibika zamani, kwa zamu ndefu za kipindi cha kwanza.

Kocha huita safu inayofuata mapema, wakati iliyopo bado inacheza, ili watatu hao wawe wamesimama ukutani. Kocha mchanga hukosea hapa. Macho yake hufuata paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, akasahau saa. Ndiyo maana kazi hugawanywa: msaidizi mmoja huendesha mlango wa mabeki, mwingine wa washambuliaji, na kocha mkuu huamua nani akutane na nani.

Mnabadilishana wakati paki inaelekea ndani kabisa ya eneo la mpinzani. Mkibadilishana huku mpinzani akiwa nayo katikati ya uwanja, mmempa njia. Anayetoka awe ndani ya mita 1.5 kutoka benchi kabla mwenzake hajaingia mchezoni. Mkizidi idadi, ni adhabu ya dakika mbili, na makosa haya karibu yote ni ya benchi, si ya mchezaji.

Sasa tazama kipindi cha pili. Timu hubadilishana magoli lakini benchi hazihami, kwa hiyo goli lako sasa liko mbali na benchi lako. Beki aliyechoka anaweza kuwa na mita 30 za kuteleza ndipo atoke. Mpinzani mwerevu humzuia humo humo mpaka akosee. Akiona amezidiwa, beki hupiga paki mbali kutoka nusu yake hadi ivuke mstari wa goli la upande wa pili. Refa akipuliza kwa kosa hilo, timu yake hairuhusiwi kubadilisha mtu, na wale wale wanaohema wanarudi kusimama mbele ya kipa wao. Kocha akiwa bado na mapumziko yake ya sekunde 30, ambayo ni moja tu kwa mechi nzima, mara nyingine huyatumia hapo ili wavute pumzi, isipokuwa mahali ambapo sheria za ligi zinamkataza. Wengine huyaweka kwa dakika za mwisho, wanapomtoa kipa na kuongeza mchezaji wa sita wa kushambulia. Mimi niko upande wa hao wa pili, ila timu ikiwa imefungwa mawili ya haraka, kuyahifadhi ni ubahili.

Kuna na haki ya mwenyeji. Mchezo ukisimama, mgeni huingiza watu wake kwanza, mwenyeji akafuata akiwa ameshaona. Kocha wa nyumbani hutumia nafasi hiyo kumwekea nyota wa wageni jozi yake bora ya mabeki kila mara.

Jambo moja la kwetu: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, juu zaidi ya Denver inakocheza Colorado Avalanche. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo ukipokea timu kutoka pwani au ng'ambo kwa mechi ya kirafiki, waambie wakate zamu hadi sekunde 30 au 35 siku za mwanzo.

Mimi ni mwalimu, na nasaidia watoto 18 wa miaka 8 hadi 11. Tunapata saa moja ya barafu, na uwanja wenyewe si mkubwa. Nusu ya muda watoto wamepanga foleni. – Mwalimu, South B

Dada Mwalimu, tatizo ni foleni, si udogo wa uwanja. Uwanja wa Panari, Mombasa Road, uliofunguliwa 2005, ni mdogo kuliko uwanja kamili wa mita 60 kwa 30, lakini hata nchi kubwa za hoki hukata uwanja kwa upana watoto wadogo wanapocheza.

Dakika saba za kwanza, wote wateleze: kusimama, kugeuka, kuanguka na kuinuka. Anayeanguka afunge ngumi na kuivuta kifuani, asiache vidole mahali pa kupitia chuma cha mwenzake. Kisha dakika 30 za vituo vitatu, watoto sita kila kimoja, dakika tisa za kazi na moja ya kuhama. Kituo cha kwanza ni breki, na upande mbovu wa kila mtoto upate mara mbili ya upande mzuri. Cha pili ni pasi, wawili wawili, fimbo ikae barafuni hata kabla paki haijaja. Cha tatu, washambuliaji wawili dhidi ya beki mmoja, wakibadilishana nafasi.

Dakika 18 zinazofuata ni mechi mbili za watatu kwa watatu, sambamba, zikitenganishwa na bomba la mpira la zimamoto lililochakaa, ambalo halimuumizi mtoto. Wachezaji 12 wako ndani, sita nje, na filimbi hulia kila sekunde 40. Paki ibaki ilipo, na mtoto anayeingia aikimbilie. Dakika tano za mwisho ni za kukusanya vifaa na neno moja la kocha.

Maelezo yote yachorwe ubaoni kabla hamjaingia. Ukiwa barafuni usizidishe sekunde 30 za hotuba. Pima fimbo pia: mtoto akiwa amevaa viatu vya chuma, ncha ya juu ifike kidevuni. Ndefu kuliko hapo humfanya ainue mikono na kukosa paki. Nawe uvae kofia ngumu, kamba ikiwa imefungwa.

Mshahara wa kocha ukoje, na kwa nini makocha wanafukuzwa ovyo? – Kijana wa Kayole

Mwaka 2015 Toronto Maple Leafs walimpa kocha Mike Babcock mkataba wa miaka minane wa dola milioni 50. Novemba 2019 walimfuta. Fedha za aina hiyo ni za wachache, kwa sababu NHL ina timu 32, yaani viti 32 vya kocha mkuu duniani kote. Kwenye ligi za chini, kocha huendesha mazoezi, hutafuta wachezaji, na pengine hupanga safari za basi.

Kufukuzwa katikati ya msimu ni njia ya haraka kwa mwenye timu, maana hawezi kuwauza wachezaji 20 kwa siku moja. Na wakati mwingine inafanya kazi. St. Louis Blues walimfuta Mike Yeo Novemba 2018, wakamweka Craig Berube kwa muda. Mwanzoni mwa Januari 2019 walikuwa mkiani mwa ligi nzima, na Juni wakachukua Kombe la Stanley.

Ukitaka kuingia bila kusubiri kiti kikubwa, jifunze kazi ya kocha wa video. Wakati wa mechi yeye hukata vipande vya kila paki inapoingia eneo la hatari na kila adhabu, kisha humpa kocha sita au saba tu kabla ya kipindi kijacho. Pia ndiye anayesema kama inafaa kupinga goli la wapinzani. Katika NHL, ukipinga na ukashindwa, timu yako inaadhibiwa angalau dakika mbili, kwa hiyo kosa lake huonekana ubaoni papo hapo. Programu za bure za kukata video zinatosha kuanzia. Chukua mechi moja, andika saa ya kila kuingia kwa paki na namna ilivyoingia, kwa kubebwa au kwa kupigwa, na upeleke hesabu hiyo kwa kocha wa timu iliyo karibu nawe.